Skii Nyekundu za Bozhan

Siku ya Wakunga hapa kwetu Elovitsa mwanamume hana neno. Awe diwani, awe polisi, awe padri mwenye ndevu za kufagilia ua, siku hiyo akitokeza pua nje tunamkamata, tunamvua kofia, na asipojikomboa kwa mvinyo tunaendelea kumvua na vinginevyo. Ndiyo maana waume zetu hujifungia ndani tangu asubuhi, wakichungulia kwenye mapazia kama vifaranga vilivyoona mwewe. Na wakikamatwa hudanganya. Huyu atasema mkewe mgonjwa, yule atasema nyumba inaungua. Mwaka mmoja mwenye baa aliapa kwa kaburi la mama yake kwamba kuna dubu nyuma ya shule, na huyo mama yake alikuwa amesimama palepale katikati yetu, chupa mkononi. Basi tumejiwekea desturi: siku hiyo neno la mwanamume halisikilizwi, hata akisema theluji ni nyeupe.

Nalitanguliza hilo kwa sababu ndilo lililotaka kutuulia mkunga wetu.

Mkunga wetu ni Bibi Velika. Nusu ya kijiji hiki ilipita mikononi mwake kabla haijapita mahali pengine popote, na mwanangu Rangel mmojawapo. Siku hizi wajawazito wanakwenda hospitali ya mjini, kwa hiyo Bibi Velika amebaki na siku yake moja tu katika mwaka. Siku hiyo tunamvika mkufu wa pilipili kavu, vitunguu saumu na bisi, tunambusu mkono, tunamletea sabuni na taulo. Halafu anashuka kutoka mlimani mpaka kwenye chemchemi ya kijiji, na pale tunammwagia maji ili watoto wa mwaka huo watoke kwa wepisi. Zamani alishushwa kwa kigari cha mbao. Tangu mlimani vijengwe viti vya waya, vile vinavyopandisha watu hewani, mwenyewe amekataa kigari. Anashuka kwa skii, zile mbao mbili ndefu za kutelezea theluji.

"Ujanani nilikwenda kuzalisha vijiji vya juu kwa skii," husema, "mkoba mgongoni, mbwa mwitu wakinisindikiza. Leo niburutwe kama gunia la viazi?"

Umri wake haujulikani. Mkunga haulizwi umri, na mwenyewe hautaji, maana wazee walituambia ukitajwa kwa sauti, kifo kinasikia na kuanza kuhesabu. Sisi tulikisia tu kwamba ametuzidi sote. Mimi Stamena nina sabini na nane, na tangu nilipoolewa hapa ni mimi ninayempa shikamoo, ni mimi ninayempisha kiti.

Sasa. Mwanangu Rangel anakodisha skii chini ya nyumba yetu. Asubuhi ile alikuwa ghorofani, mlango kaufunga kwa komeo, na wanawake walikuwa wamejaa dukani kwake wakimtafutia Bibi Velika skii. Mimi nilikuwa jikoni naokoa banitsa zangu, zile pai za jibini, zisiungue. Nilisikia tu kelele na vigelegele.

Aliyechagua skii ni Dafina wa posta. Dafina ana mikono ya kubebea vifurushi na kichwa cha kubebea kofia. Aliona skii nyekundu juu ya meza ya fundi akasema hizohizo, mkunga lazima awe na kitu chekundu cha kufukuza jicho baya. Na nisimsingizie, hakuzichukua kijinga. Alipindua buti la Bibi Velika, akasoma ile namba ndogo iliyochongwa ubavuni karibu na kisigino, namba ya urefu wa soli. Ile siyo namba ya kiatu unayomwambia muuza viatu. Akainua kile kiwenzo kwenye skii, akasogeza kishikio cha mbele, kile kinachobana buti, mpaka kwenye namba hiyo, akasogeza na cha nyuma, buti likaingia, tak! Likakaa kama kidole kwenye pete. Wanawake wakashangilia. Wakambeba mkunga wao, wakabeba na skii, haoo, kwenye viti vya waya.

Mimi nikabaki na sinia la pili tanuruni. Nilipotoka nalo barabarani, nilikuta kundi lingine la wanawake limemwangusha mwanamume kwenye theluji na linamfunga kwa aproni. Nikacheka sana. Nikasogea nimpige teke dogo la heshima. Kumbe ni Rangel.

"Mama!" akapiga kelele. "Mama, skii nyekundu! Zile zimekazwa kwa ajili ya Bozhan!"

"Jamani, mnamsikia?" akasema mwanamke mmoja aliyemkalia miguu. "Mwaka jana dubu, mwaka huu Bozhan."

"Springi iko kwenye kumi! Haziwezi kumwachia!"

"Haziwezi kumwachia, na sisi hatukuachii. Toa mvinyo, kijana!"

Wakacheka mpaka wakashikana. Mimi nilikuwa naanza kucheka pia. Lakini mimi ndiye niliyemzaa mtu huyu. Rangel akitania, nyusi yake ya kushoto hupanda juu peke yake, tangu alipokuwa wa kunyonya. Niliitazama ile nyusi. Ilikuwa imelala. Zote mbili zilikuwa zimelala, na midomo imekuwa ya kijivu, na alikuwa hana hata viatu. Ameona skii zinapita, akaruka kupitia dirisha la nyuma na soksi zake, Siku ya Wakunga, mchana kweupe. Mwanamume hafanyi hivyo kwa mzaha.

Sinia likawa zito mikononi mwangu.

Bozhan ni mwokoaji wa mlimani. Ni mtu wa kilo mia na ushee, anateleza kama jabali lililong'oka. Na Rangel hurudia maneno haya kwa kila mteja mpaka tumeyakariri kama sala: kila mtu anauliza kama kishikio kitashika, waulize kama kitaachia. Maana kazi ya kishikio ni kukuachia unapoanguka, mguu utoke, skii iende zake. Ndani yake kuna springi, na springi ina kijidirisha chenye namba. Mtu mzito na mkali unamwekea namba kubwa, asije akatupwa kila akikohoa. Kibibi mwepisi unamwekea ndogo. Kibibi mwepisi ukimwekea ya Bozhan, akianguka skii haiachii. Inageuka na mguu. Na skii ni ndefu na mguu wa bibi kizee ni kijiti.

Dafina alipima urefu, buti likakaa, akadhani kazi imekwisha. Kijidirisha hakukitazama.

"Mwacheni," nikasema.

"Aa, Bibi Stamena! Mtoto ni wa kijiji leo!"

"Basi bakini naye." Nikainama. "Bisibisi iko wapi?"

Rangel akaonyesha kwa kidevu mfuko wa shati. Nikachukua bisibisi, na kadi ya plastiki aliyoifunga nayo kwa mpira, ile anayoitazamia namba. "Uzito wake kwanza," alisema haraka, meno yakigongana. "Halafu urefu wa soli. Akiwa mzee unapanda mstari mmoja juu, kwenye namba ndogo zaidi. Mbele na nyuma, mama, skii zote mbili. Na ujaribu! Usimwache aende bila kujaribu!"

"Mama yake naye kaingizwa kwenye njama!" wakapiga kelele.

Nikamwekea yule aliyemkalia miguu sinia la banitsa mapajani, nikakimbia. Mtu wa umri wangu akisema amekimbia ujue alitembea huku amekasirika. Lakini siku ile nilikimbia. Nilikuwa namwona wifi yangu Kera. Kera aliteleza mwezi kama huu wa Januari, mwaka mwingine, kwenye ngazi za duka la mkate, akavunjika nyonga. Ngazi mbili tu. Kabla cheri hazijaiva tulikuwa tumeshakula ile ngano ya kuchemsha ya arobaini yake.

Kwenye viti vya waya aliyesimamia mashine alikuwa binti mmoja, Donka, maana mwenye kazi hiyo ni mwanamume na alikuwa chini ya kitanda chake.

"Bibi Velika yuko wapi?"

"Juu, bibi. Sasa hivi wanacheza, halafu anashuka."

"Piga simu juu! Asishuke!"

Donka alipiga. Simu ikalia na kulia. Hata kwa masikio yetu ya kule chini tulisikia ngoma na lile zumari la ngozi ya mbuzi likipiga mayowe mlimani. Nani angesikia simu?

"Nenda ukamwambie," nikasema.

"Nikiondoka hapa nani atasimamisha mashine? Kuna watu hewani." Donka akanitazama, akatazama viti, akanitazama tena. "Bibi, wewe si hujawahi..."

Ni kweli, sikuwahi. Vile viti vimepita juu ya bustani yangu ya kabichi tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na sijakaa hata kwenye kimoja. Mimi na ardhi tuna makubaliano ya zamani: mimi siiachi, nayo inanisubiri bila haraka.

"Kikija, kaa," akasema Donka. "Usifikiri, kaa tu."

Kiti kilinipiga nyuma ya magoti kama mkwe mkorofi. Nikakaa, kwa kuwa sikupewa nafasi ya kufanya lingine. Miguu ikaondoka. Nikasikia theluji inaniaga.

Sitaki kuieleza safari ile, lakini nitaieleza, kwa kuwa niliilipia. Chini yangu kulikuwa na hewa. Hewa tu, na baada ya hewa vilele vya misonobari, vimechongoka kama vimenolewa kwa ajili yangu. Kiti kilikuwa na chuma cha kushusha mbele ili usidondoke. Sikukijua. Kilikuwa kimening'inia juu ya kichwa changu na mimi nikidhani ni cha kutundikia kofia. Nilishika nguzo ya pembeni kwa mkono mmoja, wa pili umeshika bisibisi, nikafanya ishara ya msalaba kwa hiyo bisibisi na nusura nijitoboe jicho.

Halafu kiti kikasimama.

Upepo ukakipata. Kikaenda mbele, kikarudi nyuma, waya ukalia juu yangu kama paka. Nikafumba macho. Nikayafumbua kwa sababu kufumba kulikuwa kubaya zaidi. Na hapo nikawaona wale wa juu, wadogo kama mbegu za bizari, wamefanya duara, na katikati ya duara kuna doa jekundu la skii na pilipili. Doa likatoka kwenye duara. Likasogea mpaka ukingoni mwa mteremko.

"Velikaaa!" nikapiga kelele. "Usiendeee!"

Lile doa likanyanyua fimbo, likanipungia kwa furaha.

Nililia. Niseme ukweli, nililia na machozi yakaganda. Niliwaza mimi nitakuwa nimekaa hapa kama nguo iliyoanikwa, na nitaona yote. Nitauona mguu unavyogeuka. Nitakuwa na kiti cha mbele.

Kiti kikashtuka, kikaenda. Baadaye Donka aliniambia kuna mtu alidondosha glavu kwenye mashine. Glavu!

Kule juu sikushuka, nilimwagika. Nikajikusanya na kutambaa, nikapita katikati ya miguu ya wachezaji, na Bibi Velika alikuwa amekwisha kupinda magoti. Sikuwa na pumzi ya kusema neno. Basi nikafanya nililoweza: nikaketi juu ya skii zake. Kwenye ncha, matako yangu yote mawili, moja kila skii.

Ngoma ikakatika.

"Stamena," akasema Bibi Velika kutoka juu yangu, bisi zikimdondoka shingoni. "Umelewa bila kunikaribisha?"

"Shikamoo," nikasema. Mazoea.

"Marahaba. Nyanyuka."

"Sinyanyuki. Hizi ni skii za Bozhan. Hazitakuachia."

Dafina akaingilia, mikono kiunoni. "Zimefungwa vizuri hizo! Nimezipima mwenyewe kwa soli!"

"Umepima urefu. Springi umeitazama?"

"Springi gani? Nani kakwambia?"

Nikakosea. Nikasema, "Rangel."

Wee! Kicheko kilichopigwa pale kilishusha theluji kwenye misonobari. "Rangel! Mwanamume!" "Bibi Stamena kauza kura yake!" "Wamekupatia nini, bibi, sukari?" Wawili wakanishika makwapa waninyanyue. Na Bibi Velika naye alikuwa anacheka, na akicheka mwili wake mzima unatikisika, na skii zikaanza kuteleza, na mimi juu yake, kuelekea kule chini.

"Subirini!" nikapiga kelele. "Jaribuni basi! Dafina, kama unajiamini, jaribu! Chukua buti lake, lisukume pembeni kwa nguvu zako zote. Likitoka, mimi nitavua nguo niteremke mlima huu uchi!"

Hilo liliwapendeza. Dafina akapiga magoti kwenye theluji, akashika ncha ya buti kwa mikono yake ya vifurushi, akasukuma. Hakuna kitu. Akaweka bega. Buti halikusogea hata unywele ndani ya kishikio. Kilichosogea ni mguu. Niliuona, sote tuliuona, goti la Bibi Velika likianza kugeukia mahali ambapo goti haligeukii, taratibu, na uso wake ukabadilika.

"Basi," akasema. "Dafina. Basi."

Dafina aliachia kama ameshika jiko. Yule mpiga zumari akasahau kukandamiza ngozi, ikatoa hewa yake yenyewe, ndefu, mpaka ikaisha.

Niliutazama uso wa Bibi Velika. Namjua mwanamke huyu akiwa na damu mpaka viwiko, akimtukana mtoto aliyekataa kutoka. Sikuwahi kumwona na hofu. Sasa nilimwona nayo, na hapo ndipo yangu ilipozidi, maana kumbe nilikuwa nimepanga kuazima ujasiri kwake.

"Shuka kwa kiti," nikamwambia kwa sauti ndogo. "Hakuna atakayesema."

Alitazama chini. Kwenye chemchemi walikuwa wanamsubiri, unawaona, na ndoo zao, na wale wasichana watatu wenye mimba wamepakwa rangi ya mashavu kama wanasesere.

"Ninayo siku moja," akasema. "Nikiletwa kwa kiti leo, mwakani wataniletea kiti cha magurudumu. Unayo bisibisi hiyo kwa kuchokonolea meno, au unajua kuitumia?"

Nikatoa glavu. Baridi iliniuma kama mbwa aliyenisubiri. Nikashika kadi, macho yakinitoka machozi, namba zikicheza.

"Uzito," nikasema.

"Wa kabla ya Krismasi au baada?"

"Velika!"

"Hamsini."

"Muongo," akasema Dafina, na bila kuuliza akamnyanyua mikononi, skii, pilipili na yote, akampima kama anavyopima vifurushi kule posta, akiwa ametazama mawingu. Akamtua. "Hamsini na tano, nimeshatoa skii. Ukiondoa vitunguu, hamsini na nne." Dafina hakosei uzito. Dunia nzima inaweza kumdanganya isipokuwa kwenye uzito.

Nikaupata mstari. Nikaufuata kwa kucha mpaka kwenye safu ya soli yake. Halafu nikanyanyua uso.

"Nini tena?" akauliza Bibi Velika.

"Kadi inauliza umri."

Wanawake wote wakatazama viatu vyao. Mmoja akafanya msalaba. Bibi Velika akainama, vitunguu saumu vikanigusa pua, akaweka mdomo kwenye sikio langu chini ya kitambaa, akaninong'oneza namba ili kifo kisisikie.

Nilibaki nimeduwaa. Kisha nikapanda mstari mmoja, kama Rangel alivyosema. Mbili na nusu.

Skrubu iko ncha ya mbele ya kishikio. Unaizungusha kinyume, na ndani ya kijidirisha kile kialama kinashuka polepole. Kumi, tisa, nane. Vidole vyangu havikuwa vyangu tena. Niliviona vinafanya kazi kama vya mtu mwingine mwenye bahati mbaya. Kwenye sita bisibisi ilichomoka, nikajichubua ngozi ya mkono, damu ikadondoka kwenye skii, na kwa kuwa ilikuwa nyekundu haikuonekana. Mbele, nyuma. Mguu wa pili, mbele, nyuma. Kila nilipomaliza nilirudi kutazama cha kwanza, kama mtu anayerudi kuangalia kama amezima jiko.

"Jaribu," nikamwambia Dafina.

Alisogea kwa woga. Akashika ncha ya buti, akasukuma pembeni. Ta! Buti likaruka nje kama mbegu ya tikiti. Akasukuma la pili. Ta! Sijawahi kusikia kengele ya kanisa iliyo tamu kama hiyo. Kisha tukamtaka ainame mbele, kwa nguvu zote, nasi tumemkanyagia skii, na kisigino kikatoka pia, na yeye akaniangukia mzimamzima, tukapakana pilipili usoni.

Nikamfunga tena. Akaniwekea mkono kichwani, akaenda.

Mnaweza kudhani hofu iliisha hapo. Ndipo ilipoanza! Hapo kabla hofu ilikuwa ya Bozhan na Dafina. Sasa ilikuwa ya mikono yangu. Nilisimama ukingoni nikimtazama yule mdudu mwekundu akishuka, akikata kushoto, akikata kulia, vizuri, vizuri mno, na nikawa nawaza: je, kama cha nyuma cha kulia sikukitazama sawasawa? Je, kama tisa niliiona sita? Mimi nilisoma madarasa manne, na la nne nilikuwa na surua.

Pale katikati mteremko unabana, kati ya misonobari, tunapaita Kiunoni. Asubuhi huwa barafu tupu. Aliingia Kiunoni kwa kasi. Nikaona fimbo moja inapaa peke yake. Nikaona nyekundu, nyeusi, nyekundu, nyeusi, anabingirika, theluji ikafumka, kisha kila kitu kikatulia.

Dafina alinishika mkono, na kwa mara ya kwanza sikusikia nguvu yake.

Skii moja ilikuwa imesimama wima kwenye theluji, peke yake, kama msalaba usio na mkono. Ya pili ilikuwa imelala mbali zaidi, imekamatwa na breki zake ndogo. Na baina yao kilikuwa kirundo cheusi. Hakikusogea.

Nikaanza kusema sala, nikasahau jina la mtakatifu. Nikasema tu, "Wewe. Wewe pale. Tafadhali."

Kirundo kikatoa mkono. Mkono ukapapasa shingoni, kisha ukanyanyuka juu ukiwa umeshika mkufu uliokatika, na sauti ikapanda mlima mzima ikitukana vitunguu saumu, barafu, Bozhan, mama aliyemzaa Bozhan, halafu ikajisahihisha kwamba mama yake hana kosa kwa kuwa yeye ndiye aliyemzalisha.

Skii zote mbili zilikuwa zimemwachia.

Alimaliza mteremko kwa makalio, miguu yote miwili juu, akiitikisa ili tuione kwamba ni mizima. Kwenye chemchemi wakammwagia maji, akawamwagia na wao. Mimi nilishuka kwa kiti, safari hii na chuma kimeshushwa, macho nimefumba, nikimwimbia mtu yeyote anayesikia.

Rangel tulimkomboa jioni kwa chupa mbili, akapewa na soksi kavu. Bozhan alipoletewa skii zake akauliza nani kaweka namba ya mtoto wa shule. Rangel akamwambia azishukuru na azirudishe kwenye meza ya fundi.

Ila mezani, wakati wa kula, Bibi Velika alivaa miwani akaiomba ile kadi. Akaisoma juu chini. Akaisoma tena.

"Stamena," akasema polepole. "Hapa hapaulizi umri. Pameandikwa tu: aliyepita hamsini, apande mstari mmoja."

"Hee! Kumbe?" nikasema. "Baridi ilikuwa imeniingia machoni."

"Hata mbuzi anajua nimepita hamsini."

"Mbuzi angekuwa na bisibisi ungemwambia mbuzi."

Akanishika mkono chini ya meza, akaufinya mpaka mifupa ikalia. "Ukimwambia mtu," akasema, "sitakuosha ukifa."

Sitamwambia mtu. Alipokuja Elovitsa alikuwa kasichana, akajiongezea miaka ili wanawake wakubwa wakubali kumfunulia magoti yao, na ile miaka ikamganda. Namba nitakwenda nayo kaburini. Niseme hili tu, na mkiulizwa, hamkulisikia kwangu: asubuhi yake nilipokutana naye kwenye duka la mkate, pale kwenye ngazi za Kera, nilisimama wima, nikanyamaza, nikamsubiri. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akaona hakuna mtu.

"Shikamoo, dada," akasema kati ya meno.

"Marahaba, mdogo wangu," nikamjibu, nikamshika kiwiko tukashuka zile ngazi pamoja, taratibu, mguu mmoja baada ya mwingine.